Majibu ya leo ni ya maji ya jana

Kila ninaposhuka mtoni na chupa zangu za sampuli, hakosekani mtu wa kuniuliza kama maji yanafaa kuogelea, na mara nyingi huwa ameshajijibu mwenyewe kwa kuyatazama: yanang'aa, changarawe za chini zinaonekana, basi ni salama. Mimi ni mtaalamu wa maikrobiolojia ya maji, na jicho ndicho kipimo ninachokiamini kidogo kuliko vyote, kwa kuwa maji maangavu kabisa yanaweza kubeba kinyesi kilichovuja saa chache zilizopita kutoka bomba la majitaka.

Sampuli huchukuliwa pale wanapoingia waogaji, sentimita 30 hivi chini ya uso wa maji, mdomo wa chupa ukielekea mkondo unakotoka ili uchafu wa mkono usiingie. Maabara, maji huchujwa kwa utando wenye vitundu vya maikromita 0.45, kisha utando hulazwa juu ya chakula cha bakteria na kuwekwa kwenye joto. Kesho yake tunahesabu vidoti vya rangi vilivyoota, kila kimoja kikiwa ni ukoo wa Escherichia coli. Wengi wa bakteria hawa huishi matumboni mwetu bila madhara. Tunawahesabu kwa sababu wanaonyesha kwamba kinyesi kimeingia, na penye kinyesi huenda pana vijidudu vya magonjwa ya tumbo kama norovirusi, salmonela au kriptosporidiamu, ambavyo kuvipima kimoja kimoja ni kazi ndefu na ya gharama.

Nchini Marekani, mojawapo ya viwango vilivyopendekezwa mwaka 2012 ni wastani wa kijiometri (wastani usioyumbishwa sana na sampuli moja chafu mno) usiozidi vidoti 126 vya E. coli katika mililita 100 za maji. Viwango vya Umoja wa Ulaya hukokotolewa kwa njia nyingine, hivyo si sahihi kulinganisha namba hizo moja kwa moja.

Linalonisumbua hasa ni muda. Vidoti vinapohesabika, maji niliyoyateka yamekwisha kwenda zake, na ikiwa mvua kubwa imenyesha usiku, mto ni mwingine kabisa: mvua husomba samadi ya malishoni, hutibua tope la chini walikojihifadhi bakteria, na katika miji ya zamani, ambako maji ya mvua na majitaka hupita bomba moja, ziada humwagwa mtoni bila kusafishwa. Mwaka 2024 triathloni (kuogelea, baiskeli na mbio) ya wanaume ya Olimpiki, iliyopangwa kufanyika Paris tarehe 30 Julai, ilisogezwa siku moja kwa sababu mvua za siku zilizotangulia zilikuwa zimeuchafua mto Seine. Jua husaidia kuua bakteria, lakini kwenye maji ya matope mwanga haufiki mbali.

Kwa hiyo nawasihi waogaji wakae nje ya maji siku mbili au tatu baada ya mvua kubwa, na mwenye kidonda asiingie, kwani leptospira, bakteria wa mkojo wa wanyama kama panya, hupenya hapo. Nao wasimamizi nawaomba kibao cha ukingoni kiandikwe tarehe na saa ya sampuli, pamoja na mvua iliyonyesha tangu ichukuliwe, badala ya neno "salama" peke yake.