Ugonjwa wa figo wa kuzaliwa nao: mtoto 1 kwa 20,000, lakini mbeba jeni 1 kwa 70

Wazazi wengi wanaokuja kwetu hapa Bukavu, mtoto akisha kupita ekografi na munganga akasema figo zote mbili ni kubwa na zimejaa vifuko vidogo vidogo vya maji, wanauliza swali moja: hii imetoka wapi na kwetu hakuna mtu alishaiugua? Na saa ingine familia ya bwana tayari iko na jibu lake, eti mama amekuja na mambo ya kwao, eti mtoto amerogwa. Inaniuma sana kusikia hivo, sababu jibu lipo na si la uchawi, ni la hesabu.

Ugonjwa unaitwa polikistozi ya figo, ile aina ya watoto. Usichanganye na ile ya watu wazima ambayo ni ya kawaida zaidi na mzazi mmoja tu anatosha kuipitisha. Hii ya watoto inapata karibu mtoto 1 kwa kila 20,000 wanaozaliwa, kipimo ambacho kimetoka zaidi Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ni kidogo, ndiyo, lakini Congo yetu inazaa watoto kama milioni 4 kwa mwaka, ukigawanya kwa kipimo hicho unapata watoto karibu 200 kila mwaka. Wako wapi? Wengine wanakufa siku ile ile ya kuzaliwa, sababu maji yanayomzunguka mtoto tumboni sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe, figo zisipofanya kazi maji yanapunguka na mapafu hayakomai, basi mama anaambiwa tu mtoto alishindwa kupumua na hakuna mtu anaangalia figo. Hata kwenye mashine nzuri, karibu watoto 30 kwa 100 wenye ugonjwa huu hawavuki wiki za kwanza. Lakini wanaovuka mwezi wa kwanza na wakapata matunzo, wengi wanafika miaka 10 na kupita, kwa hiyo tusikate tamaa mapema.

Sasa tuje kwa hesabu yenyewe. Tangu 2002 jeni inayoharibika (jeni ni kama agizo la kujenga mwili ambalo mtoto anarithi kwa wazazi) inajulikana, inaitwa PKHD1. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba moja ya mama. Ukiwa na moja mbovu na moja nzima, figo zako ni nzima, utazeeka bila kujua. Na watu wa namna hiyo ni wengi, karibu 1 kwa 70! Kanisa lenye watu 700 siku ya Jumapili linaweza kuwa na kama 10 wanaoimba bila shida yoyote. Ili mtoto augue lazima wabebaji wawili wakutane, hiyo ni 1 kwa 70 mara 1 kwa 70, alafu hata wakikutana mtoto anaugua mara 1 kwa 4, na ukipiga hesabu yote unafika pale pale, karibu 1 kwa 20,000. Ndo maana haukuona mgonjwa kwa bibi wala kwa babu. Na ndo maana hakuna wa kulaumu mama peke yake, baba ameleta nusu yake sawasawa.

Hiyo 1 kwa 4 watu wanaielewa vibaya, wanafikiri mmoja akiugua basi watatu wanaofuata watakuwa wazima. Hapana, kila mimba inaanza upya na 1 kwa 4 yake, kwa hiyo wagonjwa wawili nyumba moja si ajabu wala si laana.

Mtoto aliye nayo anahitaji kupimwa tansio hata kama ni mdogo sana, sababu inapanda mapema na inamaliza figo haraka, na dawa za tansio zipo. Maini pia yanaguswa, akitapika damu ao akitoa choo cheusi ni haraka hospitalini, usingoje asubuhi.

Kama ulishapoteza mtoto hivi ao unaye mgonjwa, mimba inayofuata mwambie munganga mapema. Ekografi ya miezi 5 ikiwa nzuri usiishie hapo, rudia kwenye miezi 7 ao 8, sababu figo hizi saa ingine zinaonekana kwa kuchelewa, na ukipata hatari panga kuzalia mahali penye oksijeni na munganga wa watoto.