Ganzi ya kidole cha mwisho si damu chafu

Hapa Kigoma ujumbe ule haufi kwenye magrupu: kidole cha mwisho kikifa ganzi, una damu chafu, chanja kiwiko uitoe. Si kweli. Neno “mshipa” ndilo linalotuchanganya. Kuna wa damu na wa fahamu. Unaobanwa hapa ni wa fahamu, uleule unaopiga shoti ukijigonga kiwiko. Mvuvi akishona nyavu huku kiwiko kimeegemea ubao wa mtumbwi, anaubana.

Jipime: kunja kiwiko dakika 1. Ganzi ikiingia kidole cha mwisho na cha pete, shuku kiwiko. Wengi hupata nafuu wakilala na taulo limezungushiwa kiwikoni, mkono usikunjike. Vidole vikilegea, nenda hospitali. Pengine utahitaji upasuaji wa kuulegeza mshipa. Wembe waweza kuukata. Tafadhali, ujumbe huo usiusambaze.