Fargo (1996): mambo watu wanayoyakosea kuhusu wahusika wake

"Muvi ya uhalifu ya kuchekesha lazima iwe na mchekeshaji." Hii ndo inanikera zaidi. Kwenye Fargo ya Joel na Ethan Coen karibu hakuna anayejaribu kuchekesha, kila mtu yuko siriasi kabisa na shida zake. Jerry, muuza magari wa Minneapolis, kabanwa na madeni mpaka anakodi majambazi wawili wamteke mke wake mwenyewe ili baba mkwe atoe hela, halafu majambazi anawaambia ni dola 80,000 tugawane nusu kwa nusu, huku mzee anamwambia wametaka milioni nzima! Yaani anawatapeli mpaka watekaji wake. Na Carl sasa, yule jambazi mwenye domo, taya lishapigwa risasi, kashafukia zaidi ya laki tisa kwenye theluji peke yake, bado anarudi kubishana na mwenzake juu ya nusu ya bei ya gari. Kala shoka hapo hapo. Unacheka halafu unajishangaa.

"Steringi awe mbabe na atokee mapema." Wapi! Marge, mkuu wa polisi wa Brainerd, anaingia muvi ishakwenda kama nusu saa, ana mimba ya miezi saba, anakula muda wote na upole wake unaweza ukadhani hajui kitu. Mpeleke eneo la tukio uone, anasoma nyayo kwenye theluji anakwambia huyu alikuwa mtu mkubwa, na msaidizi wake aliyedhani DLR ni mwanzo wa namba ya gari anamrekebisha taratibu kwamba hizo ni namba za yadi ya kuuza magari (DLR ni kifupi cha "dealer"), kisha anampigia utani kidogo ili asijisikie vibaya (hapo ndo nilimpenda). Frances McDormand alibeba Oscar kwa huyu Marge.

"Ni kisa cha kweli, si wameandika mwanzoni." Wameandika ndio, eti Minnesota 1987, ila story ni ya kutunga, wameokota vipande vidogo tu vya matukio halisi. Hata mji wa Fargo wenyewe uko North Dakota na unauona mwanzoni tu basi.

Halafu kuna wanaoamini kigugumizi cha Jerry akibanwa maswali William H. Macy, aliyemwigiza, alijitungia pale pale kwenye kamera. Mwenyewe alishasema karibu chote kilikuwa kwenye skripti.