Amazon na Watoto Mtumbwini: Dhana Potofu na Ukweli wa Mto

Ukisema unawapeleka watoto kwenye mito ya Amazon, Amerika Kusini, hutakosa mtu wa kukuuliza kama akili zako ni timamu. Atakutajia samaki piranha, nyoka anakonda, na yule samaki anayesemekana kupanda kupitia mkojo. Hofu hizi zimezunguka miaka na miaka, na ubaya wake ni kwamba zinafunika hatari za kweli, ambazo ni za kawaida na zinazuilika. Zinafunika pia jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua kabla hajachagua mwezi wa kusafiri, nalo ni mwenendo wa maji.

Bahari hujaa na kupwa kila siku. Amazon na mito yake mikubwa hujaa na kupwa mara moja kwa mwaka, na kule Manaus, Brazil, tofauti kati ya kujaa na kupwa ni kama mita 10. Kipimo cha bandari ya Manaus kilipanda hadi mita 30.02 mwezi Juni 2021, kisha Oktoba 2024 kikashuka hadi mita 12.11. Zote mbili ni rekodi. Ukilielewa hili, nusu ya dhana zinazofuata utazivunja mwenyewe.

"Usiende maji yakiwa mengi, msitu mzima umefurika"

Huo ndio wakati mimi ningewapeleka watoto wadogo. Msitu unaofunikwa na maji meusi huitwa igapó, na ule unaofunikwa na maji yenye tope huitwa várzea. Miti yake imezoea kusimama majini miezi kadhaa bila kufa. Kati ya Mei na Julai mtumbwi hupenya katikati ya matawi, mahali ambapo miezi michache baadaye mtu hupita kwa miguu na kuona matawi hayo hayo juu kabisa ya kichwa chake. Mtoto aliyekaa mtumbwini anatazamana ana kwa ana na maua, mijusi, na sisimizi waliohamishia makazi yao juu kukimbia maji.

Na chini ya mtumbwi samaki wanakula matunda. Yuko mmoja aitwaye tambaqui, anayeweza kuzidi kilo 20, ambaye huingia msituni pamoja na maji na kujiweka chini ya mti wa mpira kusubiri mbegu. Mbegu hizo ni ngumu, lakini ana meno mapana kama magego na anazivunja bila shida. Zima injini, waambie watoto wanyamaze, na msubiri. Mbegu inadondoka majini, kimya kidogo, halafu maji yanapasuka hapo hapo ilipoangukia. Samaki wa aina hii hubeba mbegu nyingine tumboni na kuzitupa mbali, kwa hiyo kuna miti ya msitu huu iliyopandwa na samaki.

Maji yakipwa, mnamo Oktoba na Novemba, unapata vingine: fukwe za mchanga, njia za kutembea, na ndege na kaimani, jamaa wa mamba, waliojazana kwenye maziwa yaliyobaki. Kwa vijana wenye miguu imara huo nao ni wakati mzuri.

"Piranha humla mtu akabaki mifupa"

Sifa hii ilivuma zaidi kupitia maandishi ya Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliyesafiri Brazil mwaka 1913 na 1914 na kumwita piranha samaki mkali kuliko wote duniani. Samaki wenyewe wana maisha mengine kabisa. Aina nyingi hula mbegu, matunda, mizoga, na vipande vya mapezi ya samaki wengine. Hata kule kutembea kwao kwa makundi, ambako watu hukuona kama jeshi la uvamizi, watafiti wamekuta ni njia ya kujikinga, kwa sababu wao wenyewe huliwa na pomboo, kaimani na ndege wavuvi.

Kuumwa kupo, na hapa mwenendo wa maji unarudi. Hutokea zaidi maji yakiwa madogo, samaki wengi wamebanwa dimbwini na chakula kimeisha, au pale wanapolinda mayai yao. Mara nyingi ni jeraha moja la kidole au kisigino. Wenyeji huoga mtoni kila siku, ila wanajua wapi. Usimwachie mtoto aogelee karibu na mahali wavuvi wanapopasulia samaki, wala akiwa na kidonda kibichi.

Anayestahili tahadhari zaidi ni taa wa mtoni, samaki bapa anayejilaza kwenye mchanga wa maji mafupi akiwa na mwiba wenye sumu mkiani. Wafundishe watoto kuburuta nyayo badala ya kuinua miguu. Taa akiguswa kwa ubavu huondoka, akikanyagwa huchoma. Yupo pia mkunga wa umeme, samaki mrefu kama nyoka anayepiga shoti. Aina moja iliyotambuliwa mwaka 2019 ilipimwa ikitoa volti 860. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kuingia majini, muulize mwongozaji, na akisema hapana, iwe hapana.

Kuhusu samaki wa mkojo, candiru: ni samaki mwembamba anayenyonya damu kwenye mashavu ya samaki wengine. Hakuna mkojo anaoweza kuupanda kama ngazi. Kisa hicho msimpotezee mtoto usingizi.

"Anakonda wa mita 15"

Jike mkubwa aliyepimwa kwa uangalifu huwa karibu mita 5. Kwa uzito hana mpinzani miongoni mwa nyoka, lakini urefu unaosimuliwa haujawahi kuthibitishwa. Kwa miongo mingi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ilitangaza zawadi kwa yeyote atakayeleta nyoka hai wa zaidi ya mita 9, na hakuna aliyewahi kuichukua. Wengi hutembelea Amazon bila kumwona anakonda hata mmoja, na akionekana huwa amelala.

"Msitu ni kichaka kisichopenyeka, na wanyama wamejaa kila upande"

Hizi ni dhana mbili zenye mzizi mmoja. Wageni wa kwanza walipita kwa mto, na kingo za mto ndizo zinazopata jua, hivyo mimea husongamana hapo na kuwa ukuta wa kijani. Nyuma ya ukuta huo, kwenye nchi kavu, vilele vya miti huzuia karibu mwanga wote. Asilimia 1 au 2 tu ndiyo hufika chini, na chini kuna nafasi ya kutosha kutembea. Wanyama wako juu mita 30, au wamelala kusubiri usiku. Mtoto aliyezoea picha za twiga na pundamilia katika nyika ya wazi atavunjika moyo asipoandaliwa mapema.

Mtumbwi ndio unaoleta ahueni, kwa kuwa mto ni uwazi na macho yanafika mbali. Tokeni alfajiri. Tafuteni hoatzin kwenye vichaka vya ukingoni, ndege mwenye kishungi na uso wa buluu, anayekula majani na kuyachachusha tumboni kama ng'ombe. Kifaranga chake kina kucha mbili kwenye kila bawa. Akitishwa hujitupa majini, huogelea, kisha hupanda tena mtini kwa kucha hizo. Usiku, mwongozaji akimulika ukingo kwa tochi, macho ya kaimani huwaka mekundu, maana nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga. Watoto wapewe kazi ya kuyahesabu.

Kama shabaha yenu ni jagua, yule paka mkubwa mwenye madoa, eneo la Pantanal, kusini zaidi, lina nafasi kubwa kuliko Amazon.

"Pomboo wa pinki hufurahia kulishwa na kushikwa"

Hili linaniuma. Pomboo huyu, boto, huzaliwa wa kijivu na kugeuka pinki kadiri anavyokua, madume zaidi. Mifupa ya shingo yake haikuungana, hivyo anageuza kichwa na kupita katikati ya miti iliyozama, akisikiliza mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Wakizoeshwa kulishwa, hugombana wao kwa wao na kuumizana. Mwishoni mwa Septemba 2023, katika Ziwa Tefé, Brazil, ukame uliyapasha maji joto la zaidi ya nyuzi 39 na zaidi ya pomboo 150 walikufa. Viumbe hawa wana mzigo wa kutosha. Watazameni kutoka mtumbwini. Na mtu akiwaletea bandarini kima au mnyama mwingine wa msituni mpige naye picha, kataeni mbele ya watoto na muwaeleze sababu: mnyama huyo amenyang'anywa msitu ili ashikwe mchana kutwa.

"Ni mapafu ya dunia, na haujawahi kuguswa na binadamu"

Oksijeni ambayo msitu huu unatoa, wenyewe unaitumia karibu yote. Thamani yake iko kwenye kaboni uliyoihifadhi na kwenye mvuke unaoupeleka kuwa mvua mbali kusini. Sehemu ya mbolea yake hutoka Afrika: upepo huchukua vumbi lenye fosforasi kutoka bonde la Bodélé, Chad, na kulivusha Atlantiki. Ama watu, wamekuwepo milenia nyingi. Waliacha udongo mweusi wenye rutuba, na miji iliyofukiwa katika bonde la Upano, Ekuador, ina miaka kama 2,500. Leo utaona nyumba zinazoelea na watoto wanaokwenda shule kwa mashua.

"Watoto hawawezi safari hii"

Wanaweza, kwa maandalizi. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa angalau siku 10 kabla ya safari, na kwa kawaida haitolewi kwa mtoto wa chini ya miezi 9, kwa hiyo mtoto mchanga asubiri. Dawa za kukinga malaria daktari ndiye ataamua. Kwenye mto Rio Negro mbu ni wachache, kwa sababu maji yake meusi yana asidi na virutubisho haba, na familia yenye watoto wadogo ingefanya vyema kuanzia huko, ingawa chandarua na mikono mirefu jioni bado vinahitajika. Jaketi la kuokoa maisha lichaguliwe kwa kilo za mtoto na lijaribiwe kabla ya kuondoka. La mtu mzima humchomoka mtoto kupitia kichwani akianguka majini, na mitumbwi mingi ina ya watu wazima tu.