Vijidudu vinavyokula umeme: ni lini unahitaji kibali?

Kila mjadala kuhusu umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, hapa Kenya, unapozuka, ofisini kwetu, Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, linaingia swali lilelile kutoka kwa walimu, vikundi vya vijana na wawekezaji: hivi vijidudu vinavyogeuza umeme kuwa gesi na chakula ni GMO, yaani viumbe waliobadilishwa jeni? Vinahitaji kibali? Swali ni zuri na tunalikaribisha. Kinachotuchosha ni majibu ambayo watu huwa wamekwisha kupeana kabla ya kutufikia.

Vijidudu hivi havizalishi umeme. Vinautumia. Nimelisema hili kwenye mikutano mingi na nitalirudia. Umeme hupitishwa ndani ya maji, maji yakatengana kuwa haidrojeni na oksijeni, na hiyo haidrojeni ndiyo lishe ya vijidudu. Vikiipata pamoja na kaboni dioksidi, baadhi hutoa methani, gesi ileile tunayoijua kwenye mitambo ya samadi. Wengine, hasa bakteria wanaohitaji pia oksijeni, hukua na kuongezeka, kisha miili yao ikikaushwa huwa unga wenye protini nyingi.

Tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapolaghaiwa. Kupata kilo moja ya haidrojeni kunahitaji takriban uniti 53 za umeme na kilo 9 za maji. Vijidudu vya methani vikila kilo hiyo, humeza kilo 5.5 za kaboni dioksidi na kutoa kilo 2 za methani, yenye nishati ya kama uniti 28. Ukiichoma gesi hiyo kwenye jenereta ya kawaida, unabaki na uniti 10 hivi. Kwa hiyo anayewaambia wanachama wanunue tokeni, watengeneze gesi, kisha gesi iwarudishie umeme zaidi ya walionunua, anawapotosha, na akiba ya chama itaishia hapo.

Kazi hii ina maana pale ambapo umeme ungekosa mtumiaji. Olkaria ni mahali pa namna hiyo. Jioni nchi huhitaji kila megawati, lakini usiku wa manane matumizi yakishuka, kisima cha mvuke hakizimwi kama taa ya sebuleni. Mvuke mwingine huachiliwa hewani. Na mvuke huo huja na kaboni dioksidi kutoka ardhini. Umeme wa ziada na lishe ya vijidudu vyote viko uwanja mmoja. Natamani sana vyuo vyetu vikuu viingie hapo mapema.

Sasa kibali. Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009 inahusu viumbe waliobadilishwa jeni kwa teknolojia ya kisasa. Kijidudu cha asili hakimo. Kule Avedøre, karibu na Copenhagen, mtambo wa megawati 1 uliofungwa kwenye kituo cha kusafisha majitaka ulitumia arkea, vijidudu vya asili vinavyopenda joto la nyuzi 60 na zaidi. Kiwanda cha Vantaa, Finland, kilichofunguliwa mwaka 2024, hufuga bakteria waliopatikana katika mazingira ya nchi hiyo. Mradi kama huo hapa kwetu ungehitaji tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMA, mamlaka ya mazingira, na bidhaa ikiwa chakula au lishe ya mifugo, viwango vya KEBS, shirika la viwango. Kwetu usingekuja.

Lakini mwaka 2016, Daniel Nocera na Pamela Silver wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza kazi yao na bakteria Ralstonia eutropha, aliyebadilishwa jeni ili atoe alkoholi zinazoweza kuwa mafuta. Huyo ni GMO, hata kama ndugu yake wa asili si GMO. Ukimtaka, fuata utaratibu: kwanza ombi lako lipite kwenye kamati ya usalama wa kibayolojia ya taasisi yako, pili liwasilishwe kwa Mamlaka likiwa na tathmini ya hatari, tatu usubiri idhini ya maandishi. Kwa kazi ya ndani ya maabara, uamuzi hutolewa katika siku 90. Kwa kumtoa kwenye mazingira, ni kati ya siku 90 na 150, na umma hualikwa kutoa maoni. Idhini ya maabara haikupi ruhusa ya kupeleka chupa ya bakteria huyo shambani, wala kumgawia mwenzako wa chuo kingine. Anayefanya shughuli hizi bila idhini anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. "Sikujua ni GMO" si utetezi. Soma cheti kilichokuja na chupa.

Kwa vijana wanaojaribu nyumbani: tafadhali msitie chumvi ya jikoni kwenye maji ili umeme upite vizuri. Mapovu upande mmoja yatakuwa klorini, yenye harufu kama ya dawa ya kufulia lakini kali kuliko hiyo, nayo huchoma mapafu. Haidrojeni nayo ikifikia asilimia 4 ya hewa ya chumba, cheche ya swichi inatosha kuilipua. Fanyieni jaribio katika maabara ya shule, madirisha wazi, mwalimu akiwepo.

Na chupa ya bakteria wa GMO ikimaliza kazi, haimwagwi kwenye sinki. Ipikwe kwanza kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121, si chini ya dakika 15, na tarehe iandikwe kwenye daftari la maabara. Wakaguzi wetu wakifika, daftari hilo ndilo la kwanza kuulizwa.