Mwenye Ngazi ya Kukunja: Watwana na Wajakazi katika Fasihi ya Kale ya Korea

Neno la Kikorea nobi limeundwa kwa silabi mbili: no ni mtwana na bi ni mjakazi, tofauti ambayo Kiswahili nacho kimeihifadhi. Katika enzi ya Joseon (1392–1910) hali hiyo ilirithiwa, kwa kawaida kupitia mama. Nobi aliuzwa au kugawanywa kwa warithi pamoja na mashamba, ingawa baadhi yao waliishi mbali na bwana, wakajilimia na kumlipa kodi kila mwaka. Sheria ilimkataza kumshitaki bwana wake isipokuwa kwa uhaini, na aliyethubutu alinyongwa. Ndiyo maana inashangaza kwamba mtu huyo asiye na ulimi mbele ya hakimu ni msemaji hodari katika hadithi.

Tuanze na kisa cha Unyeong, kilichoandikwa karne ya 17 kwa Kichina cha kale na mwandishi asiyejulikana. Msomi kijana aitwaye Kim anampenda Unyeong, mmoja wa wasichana 10 waliofungiwa katika kasri la mwanamfalme Anpyeong. Ukuta ni mrefu na kijana amekata tamaa, mpaka mtwana wake, Teuk, anapomtengenezea ngazi ya kukunja na soksi za manyoya ili nyayo zake zisisikike. Baadaye Teuk huyo huyo anazitamani mali za Unyeong, anamgeuka bwana wake, na hatimaye anafia kisimani baada ya Kim kumwomba Buddha amwadhibu. Walioandika kwa Kichina cha kale kwa kawaida walitoka katika tabaka la mabwana, na kwa maoni yangu Teuk ni hofu yao iliyopewa jina: mtu anayezijua siri zote za nyumba, na ambaye pasipo mikono yake bwana hawezi hata kuparamia ukuta.

Bangja, katika kisa mashuhuri cha Chunhyang, anachekesha zaidi. Ni mtumishi wa ofisi ya hakimu wa Namwon, anayetumwa na mtoto wa hakimu kumwita msichana aliyemwona akibembea; kijana anapojaribu kusoma herufi za Kichina huku mawazo yake yako kwingine, Bangja anazighani kwa namna yake mwenyewe, kwa dhihaka. Chunhyang naye hayuko mbali na utumwa. Mama yake alikuwa gisaeng, mtumbuizaji wa tabaka la chini, na hakimu mpya anamdai kwa hoja hiyo ya tumbo la mama. Hoja hiyo ndiyo inayomtesa pia Hong Gildong, shujaa wa kisa kingine, mtoto wa waziri na mjakazi, asiyeruhusiwa kumwita baba yake “baba”.

Watumwa wengi wa serikali waliachwa huru mwaka 1801, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria mwaka 1894, lakini ngoma ya vinyago ya Bongsan inaendelea kuchezwa. Humo mtumishi Malttugi anaufafanulia umma neno yangban, yaani mwungwana: yang ni ya mkeka wa ngozi ya mbwa, ban ni ya meza yenye miguu ya mbwa. Mabwana wanafoka, “Umesemaje?” Anawageuzia maneno kwa heshima zote, nao, wakiwa wameridhika kabisa, wanaanza kucheza.