Wanasamehewe kosa gani?

Juni 2025 Rais Bola Tinubu wa Nigeria alitangaza kuwasamehe Waogoni tisa walionyongwa Port Harcourt tarehe 10 Novemba 1995. Darasani kwangu, ambako nafundisha haki za binadamu, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, wanasamehewe kosa gani?" Nilimjibu kwa kifupi, kengele ikalia. Hapa najaribu kumjibu inavyostahili.

Ogoni ni jamii ndogo ya delta ya Niger, watu kama nusu milioni, ambao ardhini mwao mafuta yaligunduliwa mwaka 1958. Utajiri ulikwenda kwingine, wao wakabakiwa na mito yenye mafuta na moto wa gesi unaowaka usiku kucha. Mwaka 1990 waliandika hati yao ya haki, wakidai kujiamulia mambo yao na kupata sehemu halali ya mapato. Tarehe 4 Januari 1993 wakaandamana, inakadiriwa watu 300,000, bila silaha. Mwaka huohuo kampuni ya Shell ikafunga shughuli zake Ogoni, na serikali ya kijeshi ikapeleka askari. Vijiji vikavamiwa, watu wakapigwa na kuuawa, wanawake wakabakwa.

Lakini mimi ni mtu wa sheria, na kinachonikera zaidi ni makaratasi.

Tarehe 21 Mei 1994 machifu wanne wa Ogoni, waliotofautiana na uongozi wa harakati za kudai haki hizo, waliuawa na kundi la watu huko Giokoo. Ulikuwa unyama, na familia zao zilistahili haki kama familia nyingine yoyote. Ken Saro-Wiwa, mwandishi aliyeongoza harakati hizo, hakuwapo: siku hiyo askari walikuwa wamemzuia njiani asifike kwenye mkutano wake. Hata hivyo alikamatwa, akashtakiwa kwa kuchochea mauaji hayo.

Kesi haikupelekwa mahakama ya kawaida. Serikali ilichukua amri ya kijeshi ya 1987, iliyotungwa baada ya ghasia za kidini za Kaduna, ikaunda jopo la watu watatu chini ya Jaji Ibrahim Auta. Mmoja wao alikuwa luteni kanali. Jopo hilo lingeweza kutoa hukumu ya kifo, na mlango wa rufaa ulikuwa umefungwa kabisa. Hukumu ilihitaji kuthibitishwa na baraza la kijeshi la Jenerali Sani Abacha, mtawala wa nchi wakati huo, tu, yaani yuleyule aliyeshtaki ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Mashahidi wawili wa upande wa mashtaka walikula kiapo kwamba walihongwa. Mawakili, Gani Fawehinmi na Femi Falana wakiwamo, walijitoa katikati ya 1995 wakisema hawawezi kuipamba kesi ambayo mwisho wake umeshaandikwa. Kati ya washtakiwa 15, sita waliachiwa. Tisa, Saro-Wiwa akiwamo, walihukumiwa kifo mwishoni mwa Oktoba, baraza likathibitisha tarehe 8 Novemba, na siku mbili baadaye wakanyongwa.

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, ilikuwa imeiomba Nigeria isubiri. Haikusikilizwa. (Wakati ule Mahakama ya Afrika, hii iliyoko Arusha, ilikuwa haijaanzishwa.) Mwaka 1998 Tume iliamua kwamba Nigeria ilivunja haki ya kuishi na haki ya kusikilizwa kwa usawa. Huwa nawaambia wanafunzi wasome kifungu cha 7 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kile cha haki ya kusikilizwa, sambamba na kesi hii, mstari kwa mstari, wahesabu wenyewe yaliyovunjwa.

Sasa, swali. Kisheria msamaha wa rais humwondolea mtu adhabu, na hapa adhabu ilikwisha kutekelezwa. Hatia yenyewe haiguswi. Kuifuta kunahitaji hukumu itenguliwe, na ndiyo maana wapo Waogoni na watetezi wa haki waliopokea tangazo la Tinubu kwa shukrani nusunusu: wanataka jamaa zao watamkwe kuwa hawakuwa na hatia. Hukumu ya jopo la Auta haijatenguliwa na mahakama yoyote.